Dokta, hii ni aleji au nini?

Mwezi huu naona mmeniamulia. Meseji nyingi zilizoingia ni za mtu kala kitu akavimba, kameza dawa akatoka vipele, kaumwa na nyuki mkono umefura mpaka pete haitoki, na karibu wote mnauliza swali moja tu, hii ni aleji au siyo. Nimechagua chache zinazofanana na za wengi, nimezifupisha pale mlipoandika sana (kuna mmoja kaandika kurasa na kurasa kumshtaki wifi yake, hiyo nimeiacha, hapa tunatibu aleji tu).

Kabla hatujaanza kuna kitu kinanisumbua. Watu mnanieleza vizuri sana kilicholiwa na rangi ya vipele, ila hamnielezi saa. Kati ya kula na kuvimba ulipita mda gani? Dakika tano? Masaa matatu? Siku mbili? Hilo ndo swali la kwanza nitakalomuuliza yeyote, na huko chini mtaona kwa nini naling'ang'ania.

Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka mitatu. Juzi nilimpa mkate nimepaka siagi ya karanga, hata hajamaliza akaanza kujikuna mdomo, midomo ikavimba, mgongoni yakatoka mabaka, alafu akatapika mara mbili na kikohozi kikavu juu. Nikampa Piriton ya maji, baada ya kama saa moja akatulia akalala. Mama mkwe anasema tumbo tu lilichafuka kwa sababu karanga alishakula kabla na hakudhurika. Nimpe kidogo kidogo azoee? Na mdogo wake wa miezi sita nisimpe kabisa?

Marahaba mama, na asante kwa kuandika "hata hajamaliza", umenisaidia kuliko unavyodhani. Usimpe tena. Hata kidogo, hata kwa kulamba kijiko, mpaka mtakapoonana na daktari wa mambo ya aleji.

Kwanza hili la "alishakula kabla". Mama mkwe hajasema kitu cha ajabu, karibu kila mtu anafikiri hivo, lakini aleji inafanya kazi kinyume na tunavyodhani. Mara ya kwanza mwili unakutana na kile kitu na mara nyingi hakuna kinachoonekana kwa nje, ila ndani kinga ya mwili inaweza ikakiweka kwenye orodha ya maadui kimakosa, inatengeneza kingamwili za aina ya IgE na hizo zinakwenda kukaa juu ya seli fulani zilizojaa kwenye ngozi, puani, kwenye mapafu na tumboni. Siku kitu kile kinarudi, zile seli zinapasua mifuko yake na kumwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo, mishipa ya damu inavujisha maji, ndo unaona uvimbe, ndo unaona mabaka, ndo kifua kinabana. Kwa hiyo kula mara ya kwanza salama hakumaanishi chochote kuhusu mara ya pili au ya kumi.

Jambo hili lilivyogunduliwa ni kisa cha kusikitisha kidogo. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wanawapa mbwa sumu ya kiumbe wa baharini anaitwa anemoni wakitegemea mbwa wataizoea. Kuna mbwa alipewa dozi ya kwanza akaimudu vizuri tu, wiki kadhaa baadae akapewa dozi nyingine na ndani ya mda mfupi akafa. Wakaita kitu kile anafilaksisi, na mwaka 1913 Richet alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hili wazo la "nimpe kidogo kidogo azoee" mbwa wa watu walishatujibu. Yapo matibabu ya kumpa mtoto karanga kwa vipimo vidogo vidogo vinavyopanda, ni kweli, ila yanafanywa chini ya macho ya madaktari wenye sindano mkononi na sio jikoni na kijiko cha chai.

Sasa hicho alichopata mwanao. Midomo na mabaka ni ngozi. Kutapika ni tumbo. Kikohozi ni njia ya hewa. Ukiona sehemu mbili au zaidi za mwili zimeguswa kwa pamoja ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili baada ya kula, hiyo hatuiiti tena vipele vya aleji, hiyo ni anafilaksisi yenyewe hata kama mtoto hakuzimia. Watu wengi wanasubiri mtu aanguke ndo waamini.

Na kuhusu Piriton. Haikumuokoa. Najua inaumiza kusikia maana ulifanya ulichoweza, lakini dawa za jamii hii zinatuliza kuwashwa na mabaka, haziwezi kufungua koo lililoziba wala kuinua presha iliyoshuka, na zinachukua karibu nusu saa nzima kuanza kazi. Mwanao alitulia kwa sababu mwili wenyewe ulitulia. Safari ijayo unaweza ukatulia tena au usitulie, hakuna anayeweza kukutabiria, hata ukali wa mara ya kwanza hautuambii ukali wa mara ya pili. Muombe daktari akuandikie adrenalini, ile sindano ya dharura ya anafilaksisi, ya kukaa nayo, na akufundishe kuitumia kabla hujatoka mlangoni.

Utaniuliza ataacha lini. Aleji ya maziwa ya ng'ombe na ya mayai watoto wengi wanaikua, ya karanga ni kama mtoto mmoja kati ya watano, kwa hiyo matumaini yapo ila usiyapime mwenyewe nyumbani.

Mdogo wake sasa, hapa nina habari nzuri. Zamani tulikuwa tunawaambia wazazi wamfiche mtoto karanga mpaka akue, kumbe tulikuwa tunaharibu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kutoka mwaka 2015 ulichukua watoto wachanga wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai, nusu wakapewa vyakula vya karanga tangu wakiwa na miezi 4 hadi 11, nusu wakanyimwa, na walipofika miaka mitano aleji ya karanga kwa waliokula ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 80. Kwa hiyo kumnyima kabisa sio kinga. Ila kwa sababu kwenu tayari kuna mgonjwa, na ile siagi ikibaki mezani ni hatari kwa mkubwa, ongea na daktari kwanza na hasa kama huyu mdogo ana ngozi inayowasha na kukauka. Na usimpe karanga nzima, atapaliwa.

Kitu kingine nimekumbuka, ulisema mabaka uliyaona mgongoni ulipomvua nguo. Vitabu vingi vinasema tafuta "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, baka linaweza kuwa na rangi ile ile ya ngozi au jeusi zaidi kidogo. Pitisha vidole vyako taratibu kwenye tumbo, mgongo na mapaja huku taa ikiwa inamulika kwa upande, utahisi vimwinuko kama vya kuumwa na mbu wengi waliojipanga, kingo zake zimesimama, ukirudi baada ya nusu saa vimehama vimetokea pengine. Hicho ndo unachotafuta.

Dokta habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana aleji ya kamba na kaa, alishawahi kulazwa. Kapewa ile sindano ya kalamu ya adrenalini. Mimi ndo nakaa nae na kusema ukweli naiogopa, nikimchoma wakati sio penyewe si nitamuua? Nitajuaje kwamba sasa ndo wakati?

Nzuri kaka. Woga wako ni wa kawaida na ndo unaoua watu, naomba nikwambie hivo bila kukuficha. Wanaokufa kwa anafilaksisi wengi adrenalini ilichelewa au haikutumika kabisa, na kuna uchunguzi wa vifo vya Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kwamba kwa waliofariki, moyo au pumzi ilisimama baada ya wastani wa dakika 30 kama chanzo ni chakula, 15 kama ni mdudu, na 5 tu kama ni dawa iliyochomwa. Hapo hapana mda wa kupiga simu kwa shangazi kuuliza.

Ukimchoma bure, yani kumbe haikuwa yenyewe, kijana mwenye afya atatetemeka mikono, moyo utamdunda, atakuwa mweupe kidogo na kichwa kitamgonga, na mambo hayo yataisha baada ya dakika kumi na kitu. Usipomchoma na kumbe ndo yenyewe... umenielewa.

Sasa dalili. Akiwa na vimabaka viwili vitatu tu na kuwashwa, mdomo umevimba kidogo lakini anaongea na kupumua vizuri, mpe dawa ya aleji, kaa nae, usimwache peke yake hata kwenda chooni, kalamu iwe mfukoni mwako. Ila sauti yake ikianza kukwaruza au kubadilika, ulimi ukivimba, akisema koo linakaba au ukaona anatema mate badala ya kuyameza, akakohoa mfululizo bila sababu, kifua kikatoa filimbi, akasema kizunguzungu, akawa amechoka ghafla au anaongea visivyoeleweka, yoyote kati ya hizo baada ya kula kitu alichokatazwa, moja tu inatosha, choma. Akitapika tapika huku mwili umejaa mabaka, choma pia. Na kuna dalili moja watu wanaidharau: mgonjwa mwenyewe anakwambia "sijisikii vizuri, kuna kitu kibaya kinakuja", anaogopa kufa. Msikilize, hadeki, ni dalili iliyoandikwa kwenye vitabu.

Usisubiri mabaka. Katika kila watu kumi wenye anafilaksisi mmoja au wawili ngozi yao haioneshi kitu chochote.

Kuchoma kwenyewe: paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti, suruali hata jinzi haizuii. Usichome tako, wala mshipa, na dole gumba lako lisiwe mwisho wa kalamu maana kuna watu wanaishika kinyume wanajichoma wenyewe kidole. Kandamiza mpaka usikie mlio, shikilia kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kalamu yake, zinatofautiana, toa. Angalia saa. Dakika tano zikipita na hali ile ile au inazidi, choma ya pili kwenye paja la pili kama ipo. Kama ana pumu, ile dawa ya kuvuta inakuja baada ya adrenalini, sio kabla.

Na mlaze. Hapa watu wanaharibu sana, unakuta wamemsimamisha wanamshika mabega wanamtembeza kwenda kwenye gari. Presha imeshuka, damu imekimbilia miguuni, ukimsimamisha ghafla moyo unabaki mtupu na mtu anaweza kufa pale pale mikononi mwako. Alale chali miguu juu ya mto au begi, kama anashindwa kupumua akae ameegemea lakini asisimame, kama ni mjamzito alale ubavu wa kushoto, kama amezimia anapumua mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Abebwe. Usimpe maziwa, usimtapishe, hayo hayana msaada wowote.

Akipata nafuu bado mnakwenda hospitali. Dalili zinaweza kurudi masaa kadhaa baadae bila hata kula tena kile chakula, ndo maana wanawaweka pale kuwaangalia na nyie mnaona wanawachelewesha. Na ile kalamu usiiweke kwenye friji wala kwenye gari lililoegeshwa juani, na dirisha lake ukiliangalia dawa inatakiwa iwe angavu kama maji, ikigeuka kahawia imekwisha.

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Mama anasema nikiwa mdogo nilipewa amoksilini nikatoka vipele siku ya tano ya dozi, tangu hapo kila nikienda hospitali nasema nina aleji ya penisilini na wanaandika kwa wino mwekundu. Safari hii daktari kasema tuhakikishe. Kwani aleji inahakikishwaje na mimi naogopa?

Hongera kwanza. Daktari wako yuko sawa na natamani wangekuwa wengi kama yeye. Marekani imeonekana kwamba kama mtu mmoja kati ya kumi ana hiyo alama kwenye faili lake, na wakipimwa vizuri zaidi ya asilimia 90 yao wanaimeza penisilini bila tatizo lolote. Yani wino mwekundu mwingi ni wa bure.

Inatokeaje? Rudi kwenye saa. Siku ya tano. Aleji ile ya kutisha ya IgE, ya kuvimba koo, inakuja ndani ya saa moja au zaidi kidogo tangu dozi. Vipele bapa vinavyotokea siku ya tano kwa mtoto aliyekuwa na homa mara nyingi ni virusi vyenyewe vilivyomuuguza, au virusi na dawa vimekutana (kuna kirusi kimoja, Epstein-Barr, mtoto akiwa nacho ukimpa amoksilini anatoka vipele mwili mzima na wala sio aleji ya kudumu). Na hata walokuwa na aleji ya kweli, karibu wanane kati ya kumi inakuwa imepotea baada ya miaka kumi bila kukutana na dawa.

Kwa nini ujisumbue, si utumie dawa nyingine? Dawa mbadala mara nyingi zinaua bakteria wengi wasiohusika, zina madhara zaidi, na kwa mjamzito baadhi haziruhusiwi kabisa. Na kama ingetokea una kaswende, penisilini ndo dawa pekee inayoaminika kumlinda mtoto tumboni, hapo aliye na aleji ya kweli inabidi alazwe azoeshwe dawa kwa dozi ndogo ndogo chini ya uangalizi. Kuhakikisha kwenyewe ni kuulizwa maswali mengi, wengine wanachomwa kidogo kwenye ngozi, alafu unapewa dozi ya kujaribu hospitalini huku wanakuangalia. Usijaribu nyumbani kwa kumeza kimoja cha jirani.

Tulikuwa watu wanne tumekula jodari wa kukaanga sehemu moja. Nusu saa haikuisha mimi na wenzangu wawili nyuso zimewaka moto, shingo nyekundu, kichwa kinagonga, moyo mbio, mmoja akaharisha. Samaki nimekula maisha yangu yote. Ndo nimepata aleji ukubwani?

Ukubwani inawezekana kabisa, aleji ya samaki na kamba wengi inawaanza wakiwa watu wazima. Ila watu watatu mezani kupata aleji ya samaki siku moja saa moja? Hapana. Huyo samaki ndo alikuwa mgonjwa.

Jodari, vibua, dagaa na wenzao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanageuza kitu kilichomo kwenye nyama yao kuwa histamini, ile ile kemikali ambayo mwili wako ungemwaga kwenye aleji. Sasa we umeila moja kwa moja kutoka kwenye sahani, mwili hauna kosa. Ndo maana dalili zinafanana mpaka madaktari wanadanganyika. Na ubaya wake histamini haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuganda kwenye friza, samaki anaweza kunukia vizuri na kuonekana mzuri tu, wengine wanasema ulimi uliwachoma kama pilipili walipotafuna. Inaisha yenyewe ndani ya masaa au siku moja, na hapa sasa Piriton inafanya kazi nzuri. Kifua kikibana nenda hospitali kama kawaida, usikae kubishana ni samaki au ni wewe. Kwa hiyo usijiandike aleji ya samaki, ila aliyewauzia apewe taarifa.

Niliumwa na nyuki mmoja kwenye kiganja, kesho yake mkono umevimba mpaka karibu na kiwiko. Nitakufa nikiumwa tena?

Uvimbe unaoanzia pale pale ulipochomwa na kusambaa, hata ukiwa mkubwa wa kutisha, na kuzidi kwa siku mbili kisha kupungua taratibu wiki nzima, huo ni wa sehemu moja, wengi wenye uvimbe wa hivo wakichomwa tena wanapata huo huo. Kinachonitisha ni kuchomwa kiganjani alafu mabaka yakatoka tumboni, au macho yakavimba, au kizunguzungu. Hapo ndo unatafuta daktari wa aleji, kuna chanjo za sumu ya nyuki zinazotolewa kwa miaka mitatu hadi mitano na zinafanya kazi vizuri sana. Mwiba utoe haraka kwa namna yoyote, kucha, kadi, chochote, watu wanapoteza mda kubishana namna ya kuutoa huku sumu inaingia.

Nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi na kuharisha. Aleji?

Yaelekea sukari ya maziwa tu, mwili umepungukiwa kimeng'enya cha kuivunja. Kinga ya mwili haihusiki, hutovimba koo. Mtindi mara nyingi hausumbui kama maziwa.

Dada dokta, nimepaka rangi nyeusi ya nywele miaka nenda rudi, chapa ile ile. Mwezi uliopita siku mbili baada ya kupaka masikio na paji la uso vikaanza kuwasha, vikatoa maji, siku ya tatu macho yamevimba siwezi kuyafungua. Muuzaji anasema haiwezekani iwe rangi kwa sababu ingekudhuru siku ile ile.

Muuzaji anajua kuuza. Siku mbili ndo mda wake hasa.

Hii ni aleji ya aina nyingine kabisa, haina IgE, zinazofanya kazi ni seli za kinga zenyewe na hizo zinatembea polepole, zinachukua siku mbili tatu kukusanyika. Kwenye rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, kuna kemikali inaitwa kwa kifupi PPD, na hiyo ndo mshukiwa wa kwanza. Miaka uliyoitumia salama haikukinga, ndo miaka mwili ulikuwa unajifunza kuikataa. Na ikishajifunza haisahau, kila ukipaka itakuja mapema zaidi na kali zaidi, kwa hiyo usibadilishe chapa ukidhani umepona, soma kiboksi uone kama PPD imo. Ile hina inayouzwa ikiwa nyeusi tii ya kuchora mwilini nayo mara nyingi imetiwa kemikali hiyo hiyo, iepuke.

Ukitaka uhakika omba kipimo cha viraka, wanakubandikia mgongoni kemikali mbalimbali, zinakaa siku mbili, wanabandua wanasoma, alafu wanasoma tena baada ya siku moja au mbili. Kipimo cha damu cha aleji hakitaonesha kitu hapo, usitupe pesa.

Baba alianzishiwa dawa mpya wiki mbili zilizopita. Jana homa, macho mekundu yanachoma, leo mdomoni kuna vidonda na ngozi ya kifuani ina malengelenge inauma. Tumpe dawa ya aleji tusubiri?

Huyu nilimjibu hapo hapo ilipoingia na nairudia kwa ajili ya wengine. Msisubiri. Simamisheni dawa mpya iliyoanzishwa, mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi na pakiti zote za dawa alizokuwa anameza, hata za mitishamba. Kuwashwa kunavumilika, ila ngozi *inayouma*, malengelenge, na vidonda kwenye mdomo, macho au sehemu za siri, siku chache mpaka wiki nne tangu dawa ianze, inaweza kuwa ugonjwa wa Stevens-Johnson ambapo ngozi inachubuka kama ya aliyeungua moto. Dawa zinazojulikana kuuleta ni kama zile za salfa, karbamazepini ya kifafa, alopurinoli ya gauti na nevirapini. Akipona, jina la dawa ile liandikwe kila mahali na asiionje tena maisha yake yote. Hapa hakuna habari ya kujaribu dozi kama yule dada wa penisilini.

Nataka nikapime aleji zote kwa pamoja nijue moja. Kuna maabara wana kipimo cha vyakula zaidi ya mia mbili kwa tone moja la damu. Unashauri?

Hapana. Kwanza uliza kinapima nini, vingi vya namna hiyo vinapima IgG, kingamwili za aina nyingine na sio zile IgE za aleji, na IgG ya chakula inaonesha tu kwamba unakila chakula hicho. Utatoka na karatasi ndefu ya kukukataza ngano, mayai, maziwa, nyanya na kila unachokipenda, utakonda bure na kilichokuwa kinakuwasha kiendelee kukuwasha. Hata vipimo vya kweli vya IgE, vya damu na vile vya kudonoa ngozi, vikikuta alama havimaanishi utavimba ukila, vinamaanisha mwili unakijua kitu hicho. Ndo maana hatupimi kila kitu, tunapima kile ambacho historia imeshakinyooshea kidole.

Kwa hiyo kabla ya maabara chukua daftari. Kila ikitokea andika ulichokula na ulichomeza, dawa hasa za maumivu usizisahau, ulichopaka, mdudu, kama ulikuwa umetoka kukimbia au kufanya mazoezi (kuna watu chakula hakiwadhuru mpaka wakifanya mazoezi juu yake), na saa ya kila kitu. Nyama nyekundu iandike hata kama uliila masaa mengi kabla, maana wapo walioumwa na kupe wakapata aleji ya nyama inayokuja masaa mawili hadi sita baada ya kula, wanaamka usiku wa manane wamejaa mabaka na wanalaumu shuka. Piga picha vipele kabla havijahama, kwenye mwanga wa kutosha. Mpelekee daktari hivyo vyote. Na akikupangia kipimo cha kudonoa ngozi muulize uache Piriton, setirizini na ndugu zake siku ngapi kabla, maana ukienda nazo mwilini ngozi haitajibu chochote na mtalazimika kupanga siku nyingine.